Kiti Changu Kimeuzwa Milioni Moja na Laki Nane

Wakuu leo mi nimeamka vibaya. Simu imelia saa kumi na moja alfajiri, nikaruka nikajua ndo ile hela ya AC, kumbe watu wa kubeti wananiambia bahati yangu iko karibu. Iko karibu wapi? Elfu themanini na tano yangu ina wiki nzima iko Masaki, kwenye nyumba moja wanakoonyesha picha. Sio za sinema, za ukutani.

Niliitwa saa nane mchana mbio mbio, fundi AC imekufa na jioni tunafungua maonyesho. Bodaboda aliyenipeleka ana kesi yake, siku nyingine. Getini daftari: jina, simu, unakwenda kumuona nani, nikaandika AC. Ndani nikamkuta binti msimamizi anajipepea na bahasha, karibu alie. Fundi tafadhali, karatasi haitaki joto wala unyevu, inajikunja, inaota ukungu, hata taa tumezipunguza kwa sababu mwanga ukizidi karatasi inageuka njano na picha zinapauka. Nikatazama juu. Karatasi ina AC mbili. Mi Manzese nina bati na feni inayozunguka ikijisikia, nimeshapauka zamani na hamna aliyenipunguzia taa.

Kapasita ilikuwa imeungua. Nikabadilisha, nikaosha filta yenye udongo wa kutosha kupanda mchicha, baridi likarudi. Nikajua nalipwa naondoka. "Bosi yuko njiani, subiri kidogo fundi." Kidogo ya Masaki ni masaa matatu, ndo nikaanza kuzunguka na boksi langu la spana.

Michoro yote ya mkaa. Nikauliza, mkaa huu huu? Kumbe kuchora kuna mkaa wake, wa vijiti vya mzabibu, unachomwa taratibu bila hewa, na ukishachora unapulizia dawa usipukutike. Wa kwetu kopo elfu mbili na unapukutika bure. Ila haki ya Mungu kuna mmoja ulinisimamisha: mama amesinzia kwenye daladala, ndoo ya samaki mapajani, kidole kimoja amekinasisha kwenye mkono wa ndoo ili ikivutwa tu aamke. Jasho la puani halijachorwa, ameacha padogo karatasi ikabaki nyeupe, na jasho unaliona. Huyo kijana anajua, sikatai.

Nikageukia upande wa picha za kamera.

Kiti changu.

Wakuu, kile cheupe cha plastiki cha kijiweni! Kilipasuka mgongo siku ya Simba na Yanga, nikatoboa kwa msumari wa moto nikakishona na waya mwekundu wa AC, mishono kumi na moja, wa mwisho nikaukunja kushoto. Kipo ukutani kimewekewa kioo, kikubwa kuliko mlango wangu. Chini kibao: Ustahimilivu III, 3/5, Sh. 1,800,000. Pembeni kidoti chekundu.

Nikamuita binti. Dada, hiki kiti changu. Akatoa kile kicheko cha kuuzia. "Kweli kabisa fundi, kila anayekiona anasema ni chake." Sio hivyo dada, nasema changu, nimekikalia leo asubuhi. "Ndio maana kimetugusa wote." Hakijamgusa mtu! Kimenigusa mimi, matakoni, tangu 2019.

Nikaona nije kwa njia nyingine. Nikamuuliza kama mtu amepata tatu kati ya tano si mngemrudishia arudie, mbona mnamuuzia? Akanieleza sio maksi, ni nakala, zinachapwa tano basi, hii ni ya tatu, na hicho kidoti maana yake imeshapata mwenyewe. Nikapiga hesabu kwenye simu: mara tano, milioni tisa. Na mi ninacho chenyewe, moja kati ya moja, kina miguu, unakalia. Yule wa kununua plastiki kwa kilo alinitajia mia tano.

Hapo ndo nikamkumbuka. Mwaka jana alipita kijana na kofia na kamera, akaniomba apige kiti, nikamwambia piga tu mdogo wangu, akaniagizia kahawa na kashata mbili. Kashata mbili wakuu! Angeniambia basi hata nikifute.

Nikamuonyesha binti picha kwenye simu, mwanangu amekalia kiti hicho hicho na keki. Akatazama simu, akatazama ukuta, akaanza kuhesabu mishono kwa kidole huku na huku. Kufika tisa akanyamaza. Wageni wameshaanza kuingia na glasi, baba mmoja anamweleza mkewe kwamba huo mshono wa kushoto ni makusudi, msanii anakataa ulinganifu. Nikamwambia kaka, waya uliisha. Akasema "ndo hapo sasa!" akanigongea glasi kwenye boksi la spana.

Binti akaona anipoze, akaniletea habari za Malick Sidibé, mpiga picha wa Bamako kule Mali, miaka ya sitini anapiga picha vijana wakicheza, usiku anazisafisha, anazibandika nje ya studio, kila mtu anakuja kujitafuta ananunua yake, na 2007 kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, wakampa tuzo ya Simba wa Dhahabu. Nikamwambia umeona, kule mwenye sura ndo alikuwa mteja! Niuzie na mimi kwa bei ya pasipoti. Sauti ikawa imepanda, mlinzi akasogea. Nikamkumbuka mzee Tingatinga, huyu Edward Saidi aliyekuwa anachora kwa rangi za baiskeli, polisi walimpiga risasi 1972 wakimdhania mhalifu, na yule alikuwa msanii, mi nimeshika spana namba kumi na nne. Nikapunguza sauti.

Bosi akafika. Akasimama amekipa mgongo kiti changu, akasoma risiti mara mbili. "Fundi, themanini na tano? Si umebadilisha kidude kimoja tu? Fanya sitini." Jamani. Mtu amebonyeza kamera mara moja mnampa milioni na malaki, mi nimepanda ngazi, nimepigwa shoti, nimemeza vumbi lenu, ndo mnakumbuka kuomba punguzo? Nikagoma. Akasema basi tutakutumia kwenye simu.

Narudi nyumbani namkuta mzee jirani amekikalia, miguu kwenye ndoo, anamenya chungwa. Shikamoo mzee, hicho kiti hakikaliwi. "Marahaba, tangu lini?" Namwelezaje? Nimekiingiza ndani, kimechukua nafasi ya pipa, pipa liko mlangoni, mama watoto ameshajikwaa mara mbili, maji yenyewe ya kulijaza hatujayaona tangu Jumanne, na kijiweni sasa nakalia tofali, nalo ni la jamaa wa nyuma anayejenga, leo amepita anasema matofali yake ameyahesabu.