Mnyang'anye simu uamuzi kabla hujabonyeza kitufe chekundu

Watu wengi wanaotaka video nzuri za simu huanzia kwenye megapikseli na 4K (video yenye nukta nyingi, hivyo kali zaidi). Mimi huanzia kwingine: wakati wa kurekodi nani anaamua, wewe au simu? Ukifungua kamera na kubonyeza kitufe chekundu bila kugusa kingine, simu ndiyo bosi, na bosi huyu hatulii. Anaamua, anaghairi, anaamua upya, na kughairi kwake kote kunaingia ndani ya video yako.

Chukua mfano wa mtu anayehojiwa akiwa ameketi karibu na dirisha. Mwanzoni uso wake unaonekana vizuri. Akiegemea nyuma kidogo, dirisha linachukua nafasi kubwa zaidi kwenye fremu, simu inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso unaingia giza. Akirudi mbele, unang'aa tena. Akipita mtu mwenye nguo ya rangi kali nyuma yake, ngozi ya mhojiwa nayo inabadilika rangi katikati ya sentensi. Mtazamaji huenda asijue kilichotokea, lakini atahisi kuna kitu hakijakaa sawa.

Dawa ya kwanza iko kwenye kamera uliyonayo tayari. Kwenye iPhone na Android nyingi, bonyeza uso wa mtu na ushikilie mpaka alama ya kufuli, au maneno AE/AF LOCK, itokee kwenye kioo, kisha telezesha kidole kushusha mwanga kidogo. Ndiyo, kuushusha. Picha yenye giza kidogo utaiinua wakati wa kuhariri, ila sehemu iliyoungua ikawa nyeupe pee haina chochote cha kurudisha.

Kufuli hilo mara nyingi halishiki rangi wala kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha. Hapo ndipo programu maalumu ya kamera inapostahili nafasi kwenye simu yako. Blackmagic Camera, iliyoingia kwenye iPhone mwaka 2023 na Android mwaka 2024, ni ya bure na inakuachia karibu kila kitu mkononi. Open Camera nayo ni ya bure, kwa wenye Android. Na baadhi ya simu zina hali ya kitaalamu ndani ya kamera yake yenyewe, ambayo wenye simu hizo hata hawajawahi kuifungua.

Kasi ya shata ndiyo inayowatesa watu bila wao kujua. Umewahi kuona video ya ndani ya nyumba yenye mistari ya giza inayotambaa juu ya picha? Ni taa za humo ndani. Kwa umeme wa hezi 50, unaotumika Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde, jicho lisione. Kamera inaona. Weka fremu (yaani picha) 25 kwa sekunde na shata ya 1/50 ya sekunde, mistari hiyo itaondoka, na mwendo wa mikono na miguu utaonekana wa kawaida. Penye umeme wa hezi 60, kama Marekani, tumia fremu 30 na shata ya 1/60. Juani kuna kikwazo: tundu la lenzi ya simu nyingi halifungiki kidogo wala halifunguki zaidi, kwa hiyo shata ya 1/50 itaunguza kila kitu. Utahitaji kichujio cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi, au ukubali kupandisha kasi.

Kuhusu 4K, sina ugomvi nayo. Inakupa nafasi ya kupunguza kingo za picha baadaye. Lakini mwaka 2015 mwongozaji Sean Baker alitoa filamu ya sinema, Tangerine, iliyorekodiwa kwa iPhone 5s, simu isiyokuwa na 4K kabisa. Alitumia programu iliyomwezesha kufunga fokasi na mwanga, na lenzi ya kubandika. Kwenye iPhone, dakika moja ya 4K yenye fremu 30 hula takriban MB 170, wakati 1080p, yenye nukta chache zaidi, hula kama MB 60. Kama simu yako hujaa haraka, chagua 1080p na usione aibu.

Sauti sitaizungumzia sana: sogea karibu, au mbandike msemaji maikrofoni ya kifuani. Picha mbovu huvumilika, sauti mbovu hufungwa papo hapo.

Ukifanya hayo, kuhariri kunakuwa kazi ya kukata tu. Mimi hukata kichwa na mkia wa kila klipu kwanza, halafu husikiliza video nzima bila kuitazama; sehemu inayochosha masikioni huondoka. Rangi huja mwisho, na ni kugusa kidogo tu. Vichujio vya mbofyo mmoja, vile vinavyogeuza kila ngozi kuwa ya chungwa, siviwezi. Hakikisha pia mradi wako kwenye programu ya kuhariri una idadi ileile ya fremu uliyorekodia, la sivyo mwendo utakuwa wa kushtukashtuka.

Na ukimaliza, usimtumie mtu video hiyo kwa WhatsApp kama video ya kawaida, kwa sababu itakamuliwa njiani ifike ikiwa ukungu. Itume kama dokumenti.