Sabufa, spika mbili au Bluetooth kwa ofisi ya nyumbani?

Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi anayefanyia kazi nyumbani akiuliza anunue nini cha kusikilizia muziki, wengi watamjibu: sabufa. Wana hoja. Bei yake inashikika, ina redio, tundu la flashi na rimoti, na kazi ikiisha inahudumia wageni na mpira wa jioni. Aliyepanga chumba kimoja hana sababu ya kununua vifaa viwili.

Shida yangu ni umbali. Sabufa imeundwa kujaza sebule, na wewe umekaa mita 1 tu kutoka kwenye spika. Kwa umbali huo, spika ndogo ya kawaida ikipewa wati 1 hutoa takriban desibeli 85, kiwango ambacho taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inashauri kisizidi saa 8 kwa siku. Wati 1 tu! Maelfu ya wati za PMPO, yaani nguvu ya kilele ya kufumba na kufumbua, yaliyochapwa kwenye boksi ni chambo cha mnunuzi. Besi nayo hupenya ukuta kuliko sauti nyembamba, kwa hiyo wewe unasikia wimbo na mpangaji mwenzako anasikia mdundo mtupu, naye huenda yuko kwenye kikao.

Ningechukua spika mbili ndogo za waya zenye amplifaya ndani yake. Nafasi kati yake ilingane na umbali wa kila moja hadi ulipokaa, na uziinue kwa vitabu mpaka zifike usawa wa masikio. Kisha weka rumba ya Kongo. Kwenye sebene, ile sehemu ya kucheza ambapo magitaa hutawala, gitaa la solo na la mi-solo (linalopiga kati ya solo na ridhimu), ambayo sabufa huyafunika kwa besi, utayafuata moja moja bila kuongeza sauti. Qanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, inafaidika vilevile.

Hedifoni zina nafasi yake, hasa watoto wakiwa nyumbani, ila kuzivaa kutwa kunachosha.

Bluetooth ndiyo mpinzani halisi. Umeme ukikatika laptopu inaendelea, na spika ya betri inaendelea nayo. Zangu za waya zinanyamaza. Lakini kushoto na kulia kwa wimbo vinatoka kwenye kijiboksi kimoja, na betri ikichoka, spika nyingi za aina hii zimefungwa kwa gundi kiasi kwamba fundi hufungua kwa shida.

Halafu kuna bando, ambalo watu husahau kulipigia hesabu. Muziki wa kilobiti 160 kwa sekunde hula MB 72 kwa saa, karibu MB 580 kwa siku ya saa 8. Ukishusha hadi 96 inabaki MB 43 kwa saa, na ukiwa unajaza majedwali sidhani kama utaona tofauti.

Ambaye umeme wake haueleweki, au ambaye meza yake ya kazi ndiyo ya chakula na lazima aipishe kila jioni, achukue tu ya Bluetooth. Kufunga na kufungua waya kila siku kutamchosha kabla ya mwezi kuisha.