Basi Likigeuzwa Nyumba, Leseni Ifuate Nini?

Mtu akinunua basi kuukuu la viti 33, akang'oa viti vyote akabakisha vinne, akatia vitanda, jiko, choo na tangi la maji, je, hilo bado ni basi? Malindi swali hili si la kujifurahisha. Gari la namna hiyo lalala Mambrui leo, kesho liko Gede, keshokutwa linashika njia ya Sala kuingia Tsavo Mashariki, na mwenyewe hajalipa hoteli hata senti. Bila shaka akianza kulikodisha kwa wageni atakuwa ameingia biashara, na hapo hoja ya "gari langu la nyumbani" inalegea. Tumchukue anayesafiri na wanawe tu.

Yeye husema hivi: sibebi abiria, sitozi nauli, sina kondakta. Kwa nini nidaiwe leseni ya dereva wa basi kubwa? Mkaguzi na askari wa trafiki humjibu kwamba gari ni lilelile, urefu uleule, na logibuku, hati ya usajili wa gari, bado inasema basi. Katika ubishi huu mkaguzi ndiye anayesemwa vibaya kila mahali, kwamba anatafuta kitu kidogo. Wako wanaokitafuta, hilo halifichiki. Lakini hoja yenyewe, ukiitenga na mikono michafu ya wachache, ina uzito kuliko tunavyokubali.

Kwa upande wa sheria, mwenye gari ana pa kusimamia. Kanuni za leseni za Kenya za 2020 zimeyapanga madaraja ya D kwa idadi ya abiria: D1 ni matatu ndogo, D2 ni minibasi, D3 ni basi la abiria 33 na kuendelea. Ukibakiza viti vinne, umejitoa kwenye ngazi hiyo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, nayo hulihesabu gari la biashara kuwa zito linapozidi kilo 3,048 likiwa tupu, ila hapo yanazungumzwa magari ya kubebea mizigo ya biashara. Basi lililogeuzwa nyumba halina abiria wala mzigo wa kuuza, kwa hiyo limeangukia katikati. Mwenyewe hufurahi akisema daraja B, la magari madogo, lamtosha.

Halimtoshi. Nitakaa hapa kwenye uzito kidogo, maana ndipo watu wanapojidanganya.

Hesabu wanayoitoa ni hii: abiria 33, ukiwakadiria kilo 70 kila mmoja, ni kilo 2,310. Waondoe hao, ondoa na viti, basi vitanda na friji haviwezi kufika huko. Kwa jumla ni kweli. Lakini abiria huketi kulia na kushoto, mbele mpaka nyuma, na jioni wote hushuka. Nyumba haishuki. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 500 ni nusu tani, na fundi hulitia palipo na nafasi, mara nyingi nyuma kabisa, kupita ekseli. Likiwa pale, springi za nyuma zinalala, pua ya gari inainuka, usukani unakuwa mwepesi na matairi ya mbele hayashiki lami kama yalivyozoea. Tangi lililojaa nusu ni baya zaidi. Dereva akikata kona maji hukimbilia upande wa nje, na gari lililokwisha kuinama husukumwa liiname zaidi. Ongeza jiko, kabati za mbao na betri za sola zilizopangwa ukuta mmoja, kisha upite matuta ya njia ya Kilifi ukiwa na gari lililoegemea upande mchana kutwa.

Sasa mweke kwenye usukani mtu aliyefanyiwa mtihani kwa gari dogo. Mabasi mengi makubwa hutumia breki za upepo: usipongoja upepo ujae, au ukizikanyagakanyaga mteremkoni, zinaisha nguvu. Hayo hufundishwa, hayabahatishwi.

Ukaguzi nao si karatasi tu. Basi lilitengenezwa na madirisha ya dharura. Fundi wetu huyafunika kwa plaiwudi, na kitanda kikaziba mlango wa nyuma. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutulia sakafuni miguuni pa waliolala, na kama hapakuachwa tundu chini haina pa kutokea. Na hapa kwetu kuna chumvi. Bati la basi lililokaa pwani huliwa kuanzia chini, kwenye viungo vya chesi, na plaiwudi mpya iliyopakwa vanishi huificha kutu vizuri sana. Mkaguzi anayeomba ubao ufunguliwe anafanya kazi yake.

Mahali ambapo wenye magari wana haki kabisa ni hapa: daraja D limefungamana na kazi ya abiria, na njia yake huelekea kwenye PSV (kibali cha magari ya abiria wa kulipa), cheti cha tabia njema na mengineyo ya kumlinda mlipa nauli. Kumpitisha huko baba anayewapeleka wanawe Gede ni kumwonea. Tena ukimwonea atakwepa: ataiacha logibuku ikisema basi la viti 33 huku bima aliyokata ni ya gari la kibinafsi, na siku ya ajali kampuni ya bima itaifungua logibuku hiyo kabla ya yote.

Uingereza walilikata jambo hili kwa mizani. Aliyefaulu mtihani kabla ya 1 Januari 1997 huruhusiwa kufika kilo 7,500. Waliokuja baadaye huishia 3,500, na anayetaka zaidi hufanya mtihani mwingine, wa madaraja ya C. Basi lililogeuzwa nyumba, likibaki na viti vya abiria visivyozidi 8, hufuata uzito huo na si leseni ya basi. Wataliano waishio Malindi nao wanalijua hili, kwa kuwa kwao daraja B huishia kilo zizo hizo 3,500.

Madaraja ya C tunayo tayari, ya malori. NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ikiandika kwamba basi lililogeuzwa nyumba liendeshwe kwa C1 au C kulingana na kilo zake, lipimwe mizanini tangi likiwa limejaa, na logibuku ibadilishwe aina ya bodi baada ya ukaguzi, mkaguzi atakuwa na kipimo cha kumwonyesha mwenye gari, na mwenye gari atajua pa kuanzia kabla hajang'oa kiti cha kwanza.