Anne Askew na mabibi waliotafutwa

Shilingi 10 zililetwa na mwanamume wa koti la buluu, akasema zimetoka kwa Bibi Hertford. Mwingine, wa koti la zambarau, akaleta 8 na kusema ni za Bibi Denny. Kama ni kweli au la, Anne Askew alisema hajui. Yeye alisikia tu kwa waleta pesa. Kwa maelezo yaliyochapishwa kwa jina lake, hayo ndiyo majina waliyoambulia wakubwa wa Mfalme Henry VIII wa Uingereza waliomhoji katika ngome ya Tower, London, mwishoni mwa Juni 1546. Hayakuwatosha. Wakamlaza kwenye mtambo wa kunyoosha viungo.

Tarehe 16 Julai mwaka huohuo alichomwa moto katika uwanja wa Smithfield, London, akiwa na umri wa miaka 25 hivi. Alibebwa kwenye kiti hadi uwanjani kwa sababu miguu haikuweza tena kumbeba. Tangu hapo wanaomkumbuka wamegawanyika. Kwa Waprotestanti ni shahidi wa imani, aliyekufa kwa kukataa kwamba mkate wa misa hugeuka kuwa mwili wa Kristo. Kuna wanaoona dini ilikuwa kisingizio tu: aliyewindwa hasa ni Malkia Catherine Parr na wenzake, na Anne alikuwa mlango wa kuingilia.

Tuanze na dini, maana siku hizi tuna haraka ya kuiona kama vazi la siasa. Henry alikuwa amevunja uhusiano na Papa, lakini hakuwahi kuwa Mprotestanti. Misa aliipenda, na Sheria ya Vifungu Sita ya 1539 ilisema wazi kwamba anayekana fundisho la misa atachomwa. Mwaka 1543 ikaja sheria nyingine iliyowazuia wanawake wengi, mafundi na vibarua kusoma Biblia ya Kiingereza. Mwanamke wa ukoo bora aliruhusiwa kuisoma, lakini peke yake, kimya. Anne, binti wa Sir William Askew wa Lincolnshire, hakuwa mtu wa kusoma kimya. Alikwenda katika kanisa kuu la Lincoln kusoma Biblia mbele ya mapadri, akijua wanamsema. Alikuwa ameozwa kwa Thomas Kyme, mchumba wa dada yake aliyefariki. Ndoa ikavunjika, akaelekea London akitumia jina la kwao.

Alikamatwa mara ya kwanza mwaka 1545. Padri mmoja aliyetumwa kumhoji akamtega: hostia, yaani mkate wa misa, ikianguka, mnyama akaila, je, mnyama huyo amempokea Mungu? Anne akamwambia kwamba kwa kuwa amejisumbua kuuliza, basi na alijibu mwenyewe. Padri akalalamika kwamba utaratibu wa vyuo haumruhusu muulizaji kujibu swali lake. Anne akasema yeye ni mwanamke tu, utaratibu wa vyuo hauelewi. Ni jibu la mtu anayejua hasa anachokifanya. Mwaka uliofuata, mbele ya baraza la mfalme huko Greenwich, Askofu Gardiner wa Winchester alikereka na majibu ya namna hiyo hadi akamwita kasuku. Kasuku hurudia anayofundishwa, na shida ya askofu ilikuwa kwamba huyu hakukubali kurudia.

Kwa hiyo njama haihitajiki kueleza hukumu yake. Tarehe 28 Juni 1546, pale Guildhall, ukumbi wa jiji la London, aliulizwa kuhusu mkate wa misa, akasema anachoamini, akahukumiwa kufa kwa uzushi. Kosa lilikuwepo kisheria na yeye hakulikana. Hata kwenye mti wa kuchomea, kuni zikiwa tayari, aliletewa barua ya msamaha iwapo angekana. Nicholas Shaxton, aliyekuwa askofu wa Salisbury, alishtakiwa kwa jambo hilohilo, akageuka, akapona. Kisha akatumwa kuwahubiria wenzake pale uwanjani kabla ya moto kuwashwa. Kama shabaha ilikuwa kumnyamazisha shahidi wa njama, msamaha wa nini?

Hoja hiyo, hata hivyo, inakwama kwenye mtambo. Hukumu ya kifo ilishatoka. Anne alipelekwa Tower siku iliyofuata, na hakuna mtu aliyemuuliza tena kuhusu mkate. Waliuliza majina: mjane wa Duke wa Suffolk aliyefariki mwaka uliotangulia, Bibi Sussex, Bibi Hertford, Bibi Denny, Bibi Fitzwilliam. Nani anakubaliana nawe? Nani anakutumia fedha? Akasema kijakazi wake alikuwa akizunguka mitaani akiwaeleza vijana wanagenzi shida za bibi yake, nao wakichanga. Hawakumwamini. Mkuu wa ngome alipogoma kuendelea kumtesa, Thomas Wriothesley, Kansela wa ufalme, na Sir Richard Rich wa baraza la mfalme walishika mtambo kwa mikono yao wenyewe. Hebu fikiria: mkuu wa sheria wa nchi nzima anazungusha gurudumu kumnyoosha mwanamke ambaye tayari amekwisha kuhukumiwa. Baada ya hapo, asema Anne, alikaa saa mbili sakafuni akibishana na Kansela huyohuyo.

Ukiwatazama waume wa mabibi hao, swali la kwa nini majina yao yalitakiwa linajijibu. Henry alikuwa mgonjwa, mzito, miguu ina vidonda; mrithi wake Edward alikuwa mtoto wa miaka minane. Atakayekuwa karibu na mtoto huyo ndiye atakayetawala. Hertford alikuwa mjomba wake. Sir Anthony Denny alihudumu chumbani kwa mfalme na alikuwa miongoni mwa wachache walioaminiwa na muhuri wa saini yake. Malkia mwenyewe alikuwa na jamaa wanaosoma vitabu vya mageuzi ya kanisa. Neno moja la Anne likimgusa mke, mume angetikisika, na kambi ya Gardiner na Wriothesley ingebaki uwanjani peke yake.

Ipo pia hadithi maarufu kwamba hati ya kumkamata malkia ilikuwa tayari, akaokoka kwa kujishusha mbele ya mumewe, na Wriothesley alipofika bustanini na askari 40 akafukuzwa na mfalme kwa matusi. Hadithi tamu. Mwenye kuisimulia ni John Foxe, mtetezi wa Waprotestanti, miaka mingi baada ya tukio, kwa hiyo mimi siiwekei uzito mkubwa. Hata maelezo ya Anne yametufikia kupitia mkono wa John Bale, aliyeyachapisha ng'ambo akachomeka ufafanuzi wake mrefu kati ya aya. Lakini maswali ya Tower hayahitaji Foxe. Yamo katika maelezo ya Anne, pamoja na rangi za makoti.

Rai yangu basi ni kwamba tunachanganya mambo mawili yaliyofanywa na watu walewale ndani ya wiki tatu. Moto ulikuwa wa dini. Ungewashwa hata kama pale ikulu wote wangekuwa ndugu wanaopendana. Mtambo ulikuwa wa fitina. Anayesema alikufa kwa siasa anamnyang'anya Anne uamuzi aliofanya mara mbili au tatu akijua bei yake. Anayeuacha mtambo pembeni anawapa Wriothesley na Rich heshima ya kuwa watetezi wa misa, heshima wasiyostahili.

Wala wanamageuzi hawakuwa kondoo watupu. Miongoni mwa waliochomwa pamoja na Anne alikuwemo John Lascelles, mtumishi wa chumba cha mfalme. Mwaka 1541 huyu ndiye aliyempelekea Askofu Mkuu Cranmer siri za ujana wa Malkia Catherine Howard, alizosimuliwa na dada yake, na Februari 1542 msichana yule akakatwa kichwa. Malkia huyo alitoka katika ukoo wa kambi pinzani. Inawezekana Lascelles alisukumwa na dhamiri, na inawezekana alijua vizuri sana nani angeanguka. Mimi naona yote mawili yaliingia katika moyo mmoja bila kugombana. Tena Henry hakuwa na upendeleo wa kudumu: tarehe 30 Julai 1540, palepale Smithfield, aliwachoma Waprotestanti watatu na kuwanyonga na kuwachanja Wakatoliki watatu, siku moja.

Upande wa Anne ulishinda haraka ajabu. Henry alikufa Januari 1547, Hertford akashika utawala kwa niaba ya mpwa wake, na baada ya muda misa ikafutwa. Mwaka 1550 serikali hiyo ya Kiprotestanti ikamchoma Joan Bocher, aliyekana kwamba Kristo alitwaa mwili wake kwa Bikira Maria. Yasemekana aliwakumbusha waamuzi kwamba juzi tu walimchoma Anne Askew kwa kipande cha mkate, kisha wao wenyewe wakaja kuamini aliyoyaamini. Sasa wanataka kumchoma yeye kwa kipande cha nyama.

Kansela wa ufalme wakati huo alikuwa Richard Rich. Tunajua kwa kinywa chake kwamba alimweka Joan nyumbani kwake wiki nzima baada ya hati ya moto kutoka, huku Cranmer na Askofu Ridley wakija karibu kila siku kumbembeleza ageuke. Rich alisimulia hayo mwaka 1555, chini ya Malkia Mary Mkatoliki, akiwa ameketi pamoja na maaskofu kumhoji Mprotestanti mwingine, John Philpot, ambaye naye alichomwa Smithfield Desemba ya mwaka huo.