Galton na Simpson: mabingwa wa kicheko cha mtu aliyenaswa

Kipindi cha vichekesho kikipendwa, sifa zote humwendea yule tunayemwona kwenye kioo. Mimi nawasifu wawili waliokaa nyuma ya mashine ya chapa, Ray Galton na Alan Simpson wa London. Kwangu mimi, hakuna walioandika vichekesho vya televisheni vizuri kuliko wao.

Walikutana mwaka 1948 katika hospitali ya kifua kikuu ya Milford, huko Surrey, hata miaka 20 hawajatimiza. Tiba ya siku hizo ilikuwa kulazwa miezi na miezi, na Galton alikuwa ameshaambiwa kwamba hana siku nyingi. Wakawa wanasikiliza redio, halafu wakaanza kuandika vipindi vyao wenyewe vya kurushwa humo humo hospitalini. Naamini kazi yao yote ilichipuka pale: mtu yuko mahali asipopataka, mlango uko wazi, na kutoka hawezi.

Mwaka 1954 BBC ilianza kurusha redioni kipindi walichomwandikia mchekeshaji Tony Hancock. Vichekesho vya wakati ule vilijaa nyimbo na mizaha ya harakaharaka. Wao wakaviondoa vyote, wakabaki na mtu mwenye majivuno anayeishi maisha madogo. Sehemu moja ya mwaka 1958 ni Jumapili alasiri tu: mvua inanyesha, watu wamechoka, wanapiga miayo, wananyamaza. Kunyamaza redioni! Kunahitaji ujasiri kuliko kurusha mizaha mia.

Mwaka 1961 Hancock aliachana nao. BBC ikawapa nafasi ya kuandika michezo mifupi kuhusu chochote watakacho, na mmojawapo, wa Januari 1962, ukazaa Steptoe and Son. Baba na mwana wanaishi kwa kukusanya makorokoro kwa mkokoteni wa farasi. Mwana, Harold, anataka kuhama. Anapakia vitu vyake mkokotenini, baba anamnyima farasi, naye anavuta mwenyewe kwa nguvu zake zote. Mkokoteni hausogei. Analia, na mzee anamrudisha ndani kwa upole. Huo ndio mwisho wa kipindi cha kuchekesha! Ndiyo maana hawakuchukua wachekeshaji. Walichukua waigizaji wa tamthilia, Wilfrid Brambell na Harry H. Corbett, wanaojua kubeba machozi na kicheko kwa pamoja. Kilipendwa mno, hata uchaguzi wa mwaka 1964 ulipofika, Harold Wilson, kiongozi wa chama cha Labour, alihofia wapiga kura wake wangebaki nyumbani kukitazama, akaomba BBC wakisogeze mbele.

Kwenye sinema hawakunigusa hivyo. The Rebel ya mwaka 1961 inamtoa Hancock ofisini na kumpeleka Paris kuwa msanii. Inapendeza kutazama, ila mtu akishaweza kutoka, ule msongo unaowapa nguvu unapungua.

Wanaosema vichekesho vyao ni vya Waingereza peke yao wautazame mwaka 1972, Wamarekani walipoigeuza Steptoe and Son kuwa Sanford and Son, cha baba na mwana weusi wa Los Angeles. Redd Foxx alikuwa baba. Sehemu kadhaa za mwanzo zilitokana moja kwa moja na kazi ya Galton na Simpson, lafudhi na mitaa vikabadilishwa, na yule mwana akaendelea kutishia kuhama.