Badilisha fokasa kabla ya kununua lenzi nyingine

Wenye darubini za kioo hubishana usiku kucha kuhusu upana wa kioo na ubora wa lenzi za jicho. Fokasa, kile kifaa cha ubavuni kinachoshika lenzi na kuisogeza, haitajwi kabisa. Msimamo wangu ni huu: kama darubini yako ni ya f/5 (umbali wa fokasi ni mara tano ya upana wa kioo) au namba ndogo zaidi, pesa ya kwanza ya kuiboresha iende kwenye fokasa.

Kwenye f/5, picha hubaki kali ndani ya takriban milimita 0.03 tu kila upande wa fokasi, yaani mahali nuru inapokutana. Kwenye f/8 unapata kama 0.07. Sasa chukua fokasa ya kawaida ya meno, ambayo bomba lake husukumwa na gia, na gia hiyo inacheza. Unaitazama Jupita kwa ukuzaji wa mara 200, mikanda yake miwili mikubwa inaonekana, unataka kuona kingo zake zilivyochongoka. Unagusa nobu, kile kirungu cha kuzungusha: kwanza hakisogei kitu, halafu bomba linaruka, sayari inatetemeka, na umeshapitiliza. Ukirudi nyuma, unapitiliza tena. Kioo kinaweza kuwa kizuri sana na usijue.

Fokasa ya Crayford, aliyoibuni Mwingereza John Wall, haina meno. Bomba la ndani linalalia beringi nne, na shafti laini inalibana kutoka upande wa pili, hivyo linasogezwa na msuguano peke yake. Ikiwa na nobu ndogo ya 10 kwa 1 (mizunguko yake kumi ni sawa na mmoja wa nobu kubwa), unaisogeza fokasi taratibu mpaka unaona hewa yenyewe ikitulia na kuchafuka. Kasoro yake ni kwamba ukiifungia kamera nzito inaweza kuteleza. Kwa mpiga picha, afadhali ya meno iliyochongwa kwa umakini.

Lakini pima kimo cha fokasa kwanza. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Fokasa mpya ikiwa ndefu kuliko ya zamani, lenzi haitaweza kuingia ndani vya kutosha na hutapata fokasi, isipokuwa ukisogeza kioo kikuu mbele. Na bomba la ndani likiwa refu mno, litachomoza kwenye njia ya nuru na kuharibu sura ya nyota angavu.

Mwenye f/8 anayetazama kwa macho tu, simshauri anunue. Afungue aliyonayo, afute grisi nzito ya kiwandani, abandike utepe mwembamba palipolegea, akaze skrubu. Mara nyingi inatosha.

Ukiamua kubadilisha, matundu ya skrubu huenda yasilingane na ya zamani. Toa vioo vyote viwili kabla ya kutoboa, maana unga wa chuma ukikwaruza kioo haurekebishiki. Hakikisha fokasa imekaa wima kwenye bomba, kisha panga vioo upya kabla hujaanza kuilaumu.