Kiwanda kiko jirani, mbio ziko Gerezani

Watu wa nyumbani Dar wanaofuatilia langalanga, yaani Formula 1, wakisikia naishi Milton Keynes, Uingereza, husema neno moja tu: unafaidi. Na ukiangalia ramani, wana haki ya kusema hivyo. Kiwanda cha timu ya Red Bull kipo hapa hapa mjini, eneo la Tilbrook. Silverstone ni kama nusu saa kwa gari, na pale Aston Martin wamejenga makao yao, na Cadillac, wageni wa msimu huu, nao wamepiga kambi hapo. Mercedes wako Brackley, injini zao zinatoka Brixworth. Williams wako Grove, Alpine Enstone, McLaren Woking. Kati ya timu 11 za msimu wa 2026, nyingi zinaunda magari yao ndani ya saa mbili kutoka mlangoni kwangu.

Pamoja na hayo yote, nasema hivi: kufuatilia langalanga ukiwa Dar es Salaam kuna raha kuliko kuifuatilia ukiwa huku. Mtanirushia mawe, rusheni.

Tuanze na pesa, maana huku kila kitu kinaanza na pesa. Ukitaka kuona mbio moja kwa moja unalipia televisheni ya Sky, ambao wameshika haki hizo peke yao tangu 2019. Usipolipa unabaki na Channel 4. Hao wanakupa muhtasari baadaye, na mbio za Silverstone pekee ndizo wanazorusha moja kwa moja bure. Mtu unalipa kodi ya nyumba, kodi ya halmashauri, gesi, umeme, nauli, halafu kuna cha kutuma nyumbani kila mwezi kisichoahirishwa. Mshahara wenyewe ni wa ghalani, kupanga maboksi. Sky kwangu ni anasa. Mbio chache ninazozitaka sana nanunua pasi ya siku moja mtandaoni, nyingine zote nasubiri muhtasari.

Sasa mjomba wangu ana gereji mtaa wa Gerezani, Dar. Televisheni imefungwa ukutani juu ya rafu ya spea, king'amuzi kimefunikwa kitambaa kwa ajili ya vumbi la breki. Kifurushi kikikata, mchango unapita: mafundi, yule jamaa wa kuuza oili, mwenye duka la bearing upande wa pili, kila mmoja anatoa buku mbili au tatu, SuperSport inarudi. Jumapili gereji imefungwa rasmi, ila geti linaachwa nusu. Mtangazaji anaongea Kiingereza cha kukimbia, kwa hiyo mjomba anapunguza sauti na kutangaza mwenyewe. Anatangaza kwa upendeleo wa wazi, hana aibu nayo.

Matokeo yake ni kichekesho. Tarehe 7 Desemba 2025, siku ya mbio za mwisho Abu Dhabi, madereva watatu bado waliwania ubingwa. Dar ilikuwa saa kumi jioni, huku saa saba mchana, nami niko zamuni, simu imefungiwa kwenye kabati kama kanuni inavyotaka. Nilishapanga: narudi nyumbani, naoga, naangalia muhtasari bila kujua lolote. Wakati wa mapumziko nikafungua simu nimjibu mke wangu, nikakuta sauti za mjomba zimepangana. Ya kwanza nikaigusa bila kufikiri. "Mjomba! Pointi mbili! Pointi mbili tu, mjomba!" Basi, imeisha. Norris 423, Verstappen 421, Piastri 410. Verstappen kashinda mbio na kakosa ubingwa. Timu yake iliyokosa taji, Red Bull, iko mji ninaokaa, na habari imenifikia kutoka Gerezani.

Tangu siku hiyo grupu la ukoo nalinyamazisha kila Jumapili ya mbio. Shangazi ananung'unika kwamba siku hizi nina maringo.

Jambo la pili ni watu. Nyumba ya jirani yangu huku na yangu zinashea ukuta. Kwa muda mrefu tulikuwa watu wa "habari ya asubuhi" na maneno mawili kuhusu mvua. Siku moja mzigo wake uliletwa kwangu, nikampelekea, tukasimama mlangoni, na ndipo nikajua kwamba mzee huyu kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa giaboksi kwenye timu ya langalanga. Giaboksi! Nimelala ukuta kwa ukuta na mtu aliyekuwa akifungua giaboksi za magari ninayoyakesha, na sikujua. Angekuwa Magomeni ningejua kabla sijamaliza kushusha vyombo, na mtoto wake angekuwa ameshaniuzia kofia. Mzee ni mtu mwema, tulikunywa chai, lakini aliniambia haangalii tena. Kazini nako, wenzangu kutoka Poland, Ghana na hapa hapa Uingereza, mazungumzo ni mpira. Niliwahi kudhani mji wenye kiwanda utanuka langalanga. Kiwanda kina uzio, wafanyakazi wake wanaingia na kutoka, maisha yanaendelea.

Lakini Dar nisiipambe kupita kiasi. Mbio za Ulaya kwa kawaida zinaanza saa kumi jioni kwa saa za nyumbani, na saa kumi jioni ya Jumapili ni saa ya mpira. Nenda kibanda umiza chochote kuanzia Mbagala hadi Tandale, muda huo kuna Ligi ya Uingereza, au Simba, au Yanga. Mwombe mwenye kibanda aweke langalanga uone atakavyokutazama, atakuuliza kama umeshapima malaria. Baa za Masaki zenye skrini tano watakuwekea moja pembeni, ila kwa bei ya soda ya pale unaweza kulisha familia mchana. Na umeme ukiamua kuondoka mizunguko kumi kabla ya mwisho, hakuna wa kumlilia. Mashabiki kule ni wachache. Lakini uchache huo ndio unaofanya wakusanyike, na mgeni akija anaelezwa kila kitu tangu mwanzo, kwa sababu kila mmoja pale anatamani kuongeza mtu.

Na msimu huu kuna mengi ya kuelezwa. Gari la 2026 karibu ni gari jingine. Mota ya umeme iliyokuwa ikitoa kilowati 120 sasa inatoa 350, kwa hiyo karibu nusu ya nguvu yote inatoka kwenye betri. Kile kifaa kilichokuwa kikivuna nishati kwenye moshi wa eksozi kimeondolewa. Mafuta ni yale yasiyochimbwa ardhini. Gari limepunguzwa: uzito wa chini kabisa ulikuwa kilo 800, sasa ni 768, na upana umetoka sentimita 200 hadi 190. Lile bawa la nyuma lililokuwa likifunguka kwa anayefukuza tu, tuliloishi nalo tangu 2011, limekufa. Sasa mabawa ya mbele na nyuma yanalala kwa kila gari kwenye njia iliyonyooka, na anayefukuza kwa karibu anapewa umeme wa ziada badala yake.

Nilimpigia mjomba nimweleze haya kwa madaha ya mtu aliyesoma. Hakunipa nafasi.

"Hiyo haibridi, mjomba. Zimejaa hapa uani. Ukikanyaga breki mota inageuka jenereta, chaji inarudi kwenye betri. Nimeshusha betri ya Prius leo asubuhi."

Halafu akauliza swali lililonifanya nikae kitako: "Sasa kwenye ile njia ndefu iliyonyooka, chaji ikiisha kabla ya kufika kwenye kona, inakuwaje?"

Hapo ndipo wahandisi wote wa langalanga wameumiza vichwa kwa miaka kadhaa. Nikamwambia jinsi umeme unavyopunguzwa kadiri kasi inavyopanda, na kwamba huenda madereva wakalazimika kuachia pedeli mapema ili wavune chaji. Nyuma yake nikasikia kijana wake wa spana: "Kwa hiyo bingwa wa dunia atakuwa kama deiwaka anayetia free akiteremka Kimara!" Gereji nzima ikacheka, nami nikacheka, maana nimesoma makala ndefu za Kiingereza kuhusu jambo hilo na hakuna iliyolisema vizuri hivyo.

Gerezani ni ngome ya Hamilton, sijui kama inahitaji kusemwa. Mataji saba, ametimiza miaka 41 Januari hii, na mwaka wake wa kwanza Ferrari uliisha bila kupanda jukwaani hata mara moja kwenye mbio kuu za Jumapili, zile mbio fupi alizoshinda Shanghai tukiziweka pembeni. Huku hata wanaompenda wameanza kumzungumzia kama marehemu. Mjomba hakubali. Hoja yake ni kwamba gari likibadilika, aliyezoea gari la zamani anapoteza faida yake, na mzee anayejua kusikiliza gari anapata nafasi. Mimi naona ni matumaini zaidi ya hoja. Macho yangu yako kwa Norris, nione atabebaje namba 1 ya bingwa kwenye gari ambalo halifanani na lililompa hiyo namba.

Kuna kitu kimoja ambacho huku kinanipa na Dar haiwezi kunipa, nacho sikidharau. Niliwahi kwenda Silverstone siku ya Ijumaa, kwa sababu tiketi ya Ijumaa ndiyo ninayoimudu, nikasimama karibu na kona za Maggotts na Becketts. Televisheni inadanganya. Kwenye skrini gari linaonekana linapinda kwa upole, kushoto, kulia, kushoto. Ukiwa pale unaona mwili wa gari unatupwa upande huu na kurudishwa upande ule kabla jicho lako halijamaliza safari ya kwanza, halafu limeshapita na wewe bado umegeuza shingo kule lilikotoka. Kichwa cha dereva kinavutwa nje mpaka unamwonea huruma. Mwaka huu Silverstone, tarehe 3 hadi 5 Julai, ina mbio fupi Jumamosi, maana yake Ijumaa kuna kufuzu kwa mbio hizo fupi badala ya majaribio matupu. Tiketi ya maskini imepanda thamani. Nitaenda, na nitampigia mjomba video hata kama bando langu litalia.

Ila kumwona yeye pale uwanjani ni ndoto. Viza, nauli, tiketi. Na hapa ndipo ninapokasirika kidogo. Kalenda iliyotangazwa ina mbio 24. Marekani wana tatu, Hispania sasa wana mbili baada ya Madrid kuongezwa, Ghuba inajaa. Afrika haina hata moja, tangu Kyalami, Afrika Kusini, ya 1993 aliyoshinda Prost. Mwafrika pekee kuwa bingwa wa dunia, Jody Scheckter, alitwaa taji mwaka 1979. Desemba 2024 Rais Kagame alitangaza mbele ya wakubwa wa FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, mjini Kigali kwamba Rwanda inaomba mbio, na Afrika Kusini nao wanaitaka tena. Nikilisema hili kazini, kuna anayeuliza nani ataangalia. Humweleza kuhusu Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, aliyeshinda mbio za Safari mwaka 1966 na akarudia 1967 na Peugeot 404, enzi ambazo Safari ilizunguka nchi zetu zote tatu kabla haijabaki Kenya. Wazee wa Gerezani bado wanaitaja hiyo 404 kama jamaa wa karibu.

Mimi naiombea Kigali, na sababu yangu si ya kimichezo tu. Mizigo mingi ya Rwanda inapita bandari ya Dar. Timu za langalanga husafirisha sehemu ya vifaa vyao kwa meli. Makontena hayo yangeshuka Kurasini, yakapakiwa kwenye malori na kushika njia ya mpaka wa Rusumo, na nawajua watu ambao wangekwenda kusimama barabarani kuyaangalia tu yakipita. Mjomba keshasema lori moja lazima litaharibika njiani, na spea ni zake.

Msimu unaanza Melbourne tarehe 8 Machi, katikati ya Ramadhani. Huku ni saa kumi alfajiri, yaani nitakuwa nakula daku magari yakiwaka. Hiyo nimeinunulia pasi. Dar itakuwa saa moja asubuhi, daku imeshaliwa na swala imeshasaliwa, watu wanatazama kwa utulivu wao. Lakini wewe uliye Dar unayetaka kuanza msimu huu, nakushauri Suzuka, Japani, Jumapili tarehe 29 Machi, saa mbili asubuhi. Idi itakuwa imepita, hakuna mechi yoyote saa hiyo ya kugombania rimoti, na Suzuka ni njia inayojipita yenyewe juu kama namba nane, hutapata darasa zuri zaidi la kumjua dereva. Usiku huo Uingereza inasogeza saa mbele, kwa hiyo nitakuwa nimepunjwa saa nzima ya usingizi. Geti la Gerezani litakuwa nusu wazi. Nenda na buku mbili, na usikae kwenye kiti chenye tairi, ni cha mjomba.